Kwa Nini Tulihama Ziwani: Majibu Matatu

Katika ukoo wetu, kila aliyevuka miaka sitini aliiona ndege ya Amin. Baba mkubwa aliiona akiwa juu ya mwembe. Shangazi aliiona akiwa anafua ziwani, akaacha nguo zikachukuliwa na maji. Bibi, Mungu amrehemu, aliiona kupitia dirisha la jikoni, ingawa kwa maelezo yake mwenyewe jiko la siku zile lilikuwa mafiga matatu chini ya mti. Nilimuuliza kuhusu hilo dirisha. Akaniangalia, akasema, "Kwani wewe ulikuwepo?"

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mwaka. Baba mkubwa alishikilia 1979, vita vya Kagera, na hakutaka kusikia kingine. Bibi alisema hapana, ndege ilikuja yeye akiwa na mimba ya baba mdogo, na cheti cha ubatizo cha baba mdogo kinasema alizaliwa mwanzoni mwa 1973. Kwa muda mrefu watu wazima walilimaliza jambo hili kwa kutikisa kichwa pembeni: uzee umemwingia mama, anachanganya vita na mimba.

Kumbe mabomu yalikuja mara mbili. Septemba 1972, baada ya wafuasi wa Obote kuingia Uganda wakitokea Tanzania na kurudishwa nyuma, ndege za Amin zilipiga Bukoba na Mwanza, mpaka nchi mbili hizi zikakalishwa chini na kutia saini makubaliano ya Mogadishu mwezi uliofuata. Halafu mwishoni mwa Machi 1979, vita vya Kagera vikielekea ukingoni, ndege kubwa ya Libya aina ya Tupolev ilitumwa kuja kuipiga Mwanza kwa niaba ya Amin. Ikaukosa mji. Makombora yakaangukia hifadhi ya wanyama, wakafa swala.

Basi bibi alikuwa na ndege yake na baba mkubwa alikuwa na ya kwake. Ningeweza kuishia hapo nikafurahi. Lakini nilipoisikiliza tena sauti ya bibi niliyoirekodi, nikiwa nimevaa spika za masikioni, nilisikia kitu ambacho siku ile kilinipita: anaeleza swala waliokufa. Swala ni wa 1979. Miaka ile saba katikati, na miongo iliyofuata ya kusimuliana barazani, ndege mbili zilikuwa zimeazimana vitu.

Nimeanza na ndege kwa sababu ndiyo rahisi. Ina tarehe, ina serikali mbili, ina watu walioandika. Kazi niliyokuwa nimeikusudia haina hata kimoja kati ya hivyo. Nilitaka kujua kwa nini familia yetu iliondoka kando ya ziwa, upande wa Magu, kwenye Ghuba ya Speke, ikaenda kukaa juu kabisa kwenye tambarare ambako maji ya kunywa yanachotwa mbali na samaki wanafika wakiwa wamekauka. Babu alikuwa mvuvi na mkulima wa pamba. Mvuvi haondoki ziwani hivi hivi.

Kabla ya majibu, neno kuhusu miaka. Ukimuuliza mzee wa Usukumani "ilikuwa mwaka gani?" atakupa mwaka, kwa sababu ni mtu mwenye adabu na wewe umeuliza. Mwaka huo usiutegemee. Kizazi cha wazazi wetu wengi walianza shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Aliyelifikia akaandikwa, na mwalimu akamkadiria mwaka wa kuzaliwa papo hapo. Ndio mwaka ulioingia kwenye kitambulisho cha mpiga kura, na ndio atakaokutajia kwa uhakika kamili. Tarehe za kweli ziko kwingine. Ziko kwenye majina: ukikutana na Kabula au Mabula, unajua mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitwa Kambarage kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku ile, Aprili 1922. Kwa hiyo niliuliza mengine. Je, watemi walikuwa bado wapo? Pamba mlipeleka chama cha ushirika au kwa Mhindi? Furu, wale samaki wadogo, walikuwa bado wanapatikana, au sangara alikuwa ameshawamaliza? Aliyewahi kula ningu, samaki aliyekuja kuadimika, utotoni ananiambia mengi kuliko anayenitajia 1965.

Sasa majibu.

Jibu la bibi lilikuwa maji. Ziwa lilipanda. Alieleza lilivyoanza na bustani ya viazi, likaja kwenye mti wa kufungia mtumbwi, likaja uani, asubuhi moja akakuta kata yake ya kuchotea maji inaelea. Na hapa bibi anasimama na ushahidi mzito nyuma yake, kwa sababu mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961, zile wazee wanazoziita mvua za uhuru, ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mita mbili kwenye ufuko wa tambarare ni kijiji kizima. Anayeona ni hadithi akumbuke tulivyoona wenyewe 2020, na tena 2024, maji yalivyoingia kwenye nyumba na kambi za wavuvi mwaloni.

Jibu la baba mkubwa lilikuwa serikali. Operesheni Vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si suala la hiari tena, ni amri, na nchi nzima ikapewa mpaka 1976. Anakumbuka lori, anakumbuka mlango wa nyumba ukiwa juu ya lori kwa sababu babu alikataa kuuacha, anakumbuka kushushwa mahali pasipo na kitu ila vigingi. Anasimulia kwa hasira ambayo haijapoa. Sehemu nyingi nyumba zilibomolewa, nyingine zikachomwa, ili watu wasirudi. Baba mkubwa pia ndiye aliyenipa kigingi cha pekee chenye tarehe. Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha, na njia ile inapita Magu. Baba mkubwa anasema walikwenda barabarani kumwona, na walitokea kule ziwani, sio juu. Kama ni kweli, basi 1967 walikuwa bado chini, na maji ya bibi hayakuwahamisha.

Isipokuwa ukitaka kusema walihama mara mbili. Binamu yangu analipenda sana jibu hili. Ndege zilikuwa mbili, basi na kuhama kulikuwa kuwili: maji yakawasogeza kidogo 1963, serikali ikawamalizia 1974, kila mzee ana haki, tupige picha ya pamoja. Linavutia. Lakini hakuna mtu hata mmoja katika wote niliowarekodi aliyesimulia kuhama mara mbili. Si bibi, si baba mkubwa, si jirani yao wa zamani anayeishi sasa Kisesa. Jibu lile tumelitunga sisi wajukuu kwa ajili ya amani ya ukoo, na kwa sababu lilitusaidia mara moja kwenye jambo la ndege. Suluhu ya watu waliogombana si lazima iwe ndicho kilichotokea.

Jibu la tatu ni la shangazi wa Nansio. Shangazi ni mtu wa kupinga. Ukimwambia kumekucha, atatoka nje kwanza. Alinisikiliza nikimweleza maji na lori, anachambua dagaa, hanitazami. Nilipomaliza akasema, "Hatukuondolewa na maji, na Nyerere wa watu msimsingizie. Tuliondolewa na majirani."

Bibi alikuwa na dada yake mkubwa, mjane, waliyeishi naye. Macho yake yalikuwa mekundu. Macho ya mwanamke aliyepikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi maisha yake yote huwa mekundu. Kila mtu Usukumani anajua hivyo, na kila mtu anajua macho hayo yamewaponza akina mama wangapi kwa kuitwa wachawi. Mtoto wa jirani akafa. Wiki chache baadaye akafa wa pili. Usiku mmoja, anasema shangazi, walikuja sungusungu na filimbi na marungu, wakasimama uani, wakamtaka yule bibi mkubwa. Babu akatoka akazungumza nao. Alizungumza mpaka karibu na alfajiri. Walipoondoka, familia ikafunga mizigo, na jua lilipokuwa juu walikuwa tayari njiani. Mlango wa nyumba waliubeba, anakubali. "Huo mlango tu ndio baba yako mkubwa anaukumbuka vizuri."

Nilimuuliza kama naweza kuyaandika haya. Akasema dada yake bibi alishakufa kifo chake mwenyewe, kitandani, kwa uzee, na waliomfukuza ndio wanaopaswa kuona aibu. Kwa hiyo nimeandika.

Binamu aliliondoa jibu hili kwa sentensi moja. Sungusungu, alisema, walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya sitini hawakuwepo; 1974 hawakuwepo. Shangazi anasimulia tukio lenye watu ambao walikuwa bado hawajaundwa. Kesi imefungwa.

Kuhusu sungusungu binamu yuko sahihi kabisa. Ila kesi haifungwi hivyo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Ulric Neisser, aliishi miaka mingi akikumbuka wazi kabisa alivyopata habari za shambulio la Pearl Harbor: alikuwa mtoto, ameketi sebuleni, anasikiliza mechi ya besiboli redioni, matangazo yakakatizwa. Baadaye sana ndipo akashtuka kwamba shambulio lilitokea Desemba 7, 1941, na Desemba hakuna besiboli. Aliitumia hadithi hiyo kama mfano wa kumbukumbu yenye uhakika mwingi na uongo mwingi. Halafu watafiti wengine wakaenda kwenye ratiba za siku ile wakakuta kulikuwa na mechi ya futiboli ya Kimarekani, na timu zilizocheza zilikuwa na majina yaleyale ya timu mashuhuri za besiboli. Kumbe mtoto alikuwa sebuleni kweli, redio ilikuwa inatangaza mechi kweli, matangazo yalikatizwa kweli. Kilichobadilika ni aina ya mpira. Ungemtupa kwa sababu ya mpira ungekuwa umetupa na redio.

Sungusungu wa shangazi nawaona hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa mwanamke mzima, na aliwaona kweli, na filimbi zao, wakifanya waliyofanya. Wanaume waliosimama uani akiwa mtoto hawakuwa na jina wala sare. Baadaye likaja kundi lenye jina na filimbi, akili ikawavalisha. Mtaliano Alessandro Portelli, aliyekusanya masimulizi ya wafanyakazi wa viwanda vya chuma mji wa Terni, alikutana na jambo la aina hii hii. Kijana aitwaye Luigi Trastulli aliuawa na polisi 1949, kwenye maandamano ya kupinga nchi yao kujiunga na NATO. Wazee wengi walimsimulia kwamba aliuawa 1953, kwenye ghasia za kupinga kufukuzwa kazi kwa maelfu. Walikuwepo, walikuwa na akili timamu, na walimhamisha maiti kwa miaka minne. Portelli hakuwasahihisha akaenda zake. Aliuliza kwa nini wamemhamishia pale, akagundua kwamba 1953 ndipo kidonda chao kilipokuwa.

Hata hivyo sitaki kulifanya kosa la shangazi kuwa ushahidi. Inawezekana pia kwamba hakuna kilichotokea uani, na hadithi yote ameipata kwa majirani zake wa ndoa, au kwenye mashitaka ya mwanamke mwingine kabisa mwaka wowote ule. Alikuwa na umri gani? Yeye anasema miaka sita. Miaka sita ni umri wa kukumbuka mlango juu ya kichwa cha baba yako. Sijui kama ni umri wa kukumbuka mazungumzo ya mpaka alfajiri.

Kilichonikatisha tamaa kuliko makosa ya wazee ni simu zetu. Baada ya mazishi ya bibi, binamu alichukua kipande cha sauti yake, kile cha maji na kata inayoelea, dakika chache tu, akakirusha kwenye grupu la ukoo. Watu walilia. Mimi pia nililia. Ni sauti nzuri, ina Kisukuma ndani yake, jogoo anawika nyuma, na bibi anacheka mwenyewe akifika kwenye kata.

Tangu siku hiyo maji yanapanda kila mahali. Wadogo zake babu ambao mwanzo waliniambia hawakumbuki lolote, sasa wanakumbuka kata. Baba mdogo, aliyezaliwa 1973, aliniambia mwezi uliopita jinsi maji yalivyokuwa baridi yalipogusa miguu yake. Hadanganyi. Elizabeth Loftus na mwenzake Jacqueline Pickrell walichapisha jaribio mwaka 1995: watu wazima 24 walipewa masimulizi mafupi ya utoto wao yaliyotoka kwa ndugu zao, moja likiwa la kutungwa, la kupotea madukani na kuokolewa na mtu mzima. Robo yao, watu 6, walilikubali lile la kutungwa kwa namna fulani, wengine wakaongeza na maelezo yao wenyewe. Angalia njia iliyotumika: hadithi ilipitia kwa ndugu. Hakuna anayeaminiwa kuliko dada yako akisema "hukumbuki? ulikuwa umevaa sweta ya kijani." Sasa ongeza sauti ya marehemu bibi.

Kwa hiyo mpangilio wangu siku hizi ni mkali, na baadhi ya ndugu wameona ni majivuno. Mtu mmoja mmoja, peke yake. Babu yeyote akiwa sebuleni, bibi wa nyumba hasemi, atasaidia tu: "eeh," "kweli," "mweleze na ya ng'ombe." Ukimkuta mwenyewe jikoni anachagua mchele, historia inageuka. Kisukuma kwanza, kwa wanaokipenda, maana mzee akisimulia kwa Kiswahili kwa mjukuu wa mjini, anakuwa kama anatoa hotuba kwa mkuu wa wilaya. Simsahihishi mtu mbele ya simu. Simpigii mtu sauti ya mwingine mpaka nimeshamrekodi yeye. Na mwanzoni mwa kila faili nataja kwa sauti yangu: nani anazungumza, tuko wapi, nani mwingine yupo chumbani, na kama ameshaisikia ile sauti ya grupu. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko tarehe. Faili za kabla ya grupu na za baada ya grupu nimezitenga kabisa.

Yupo pia aliyetaka faili kwa sababu zake. Ndugu mmoja, sitasema upande gani, alinifuata akitaka sehemu ambayo babu anataja mpaka wa shamba, aipeleke baraza la ardhi. Nilikataa. Babu alikuwa anasimulia juu ya mti wa mkwaju na mbwa wake. Mpaka ulitajwa njiani. Kumbe mtu akijua kwamba maneno yake yatapimwa ekari, hatakusimulia tena mbwa.

Nimesema tarehe na karatasi ni msaada, na ni kweli, lakini nisieleweke kwamba karatasi ndiyo hakimu. Mji huu wa Mwanza unajua vizuri karatasi inavyoweza kukosa. Jumanne, Mei 21, 1996, asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Meli ilikuwa ya abiria 430. Orodha ilikuwepo ya abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Walikufa zaidi ya watu 800, na hesabu kamili ya waliokuwa ndani haitapatikana kamwe, kwa sababu wengi wao hawakuandikwa popote.

Mmoja wao alikuwa kaka yake mama. Alikuwa anarudi kutoka Bukoba na mikungu ya ndizi, daraja la tatu. Hakupatikana, au alipatikana na hakutambuliwa, na yumo miongoni mwa waliozikwa Igoma. Hatuna njia ya kujua. Kitu pekee kinachothibitisha kwamba alipanda meli ile ni maneno ya mfanyabiashara mmoja aliyemsalimia bandarini Kemondo na kumwona akigombana na mtu juu ya mahali pa kuweka ndizi. Yule mfanyabiashara mwenyewe alibaki kwa sababu hakupata nafasi, ndivyo anavyosema, na nani asiyejua kwamba Mwanza na Bukoba zimejaa watu walioikosa MV Bukoba kwa dakika tano? Wangekuwa wote ni kweli, isingekuwa meli, ingekuwa gati zima. Mahakamani mwanasheria angemrarua. Kwetu, yeye ndiye orodha.

Nilikwenda kumsikiliza. Alisema meli ilizama usiku wa Jumatatu. Nikanyamaza, maana ndiyo kanuni yangu. Aliporudia mara ya pili nikaelewa: meli iliondoka Bukoba jioni ya Jumatatu, ikapita Kemondo, ikaingia gizani. Kwa aliyebaki gatini hakuna Jumanne asubuhi. Alichokiona mara ya mwisho kilikuwa taa zikiondoka, na kwake ndipo ilipozama. Nimeandika "usiku wa Jumatatu" kama alivyosema, na pembeni nikaandika saa yenyewe kwa mkono wangu, kwa wino mwingine.

Mama hapendi nimsahihishe yule mzee, hata kwa wino mwingine. Anasema akikosea siku anaweza kuwa amekosea na mtu, na hilo yeye hataki kulisikia. Nimemwelewa. Ukurasa ule siusambazi.

Tuje kwenye kitabu, maana ndicho kinachotugombanisha sasa. Binamu anataka ukoo uwe na kitabu kabla ya mkutano wa Desemba, na amekwishazungumza na mtu wa stationari kuhusu bei ya kuchapisha na kutia jalada gumu. Anataka sura ya kuhama iwe moja, inayosomeka, yenye picha ya ziwa, ili watoto walioko Dar es Salaam na walioko nje wajue walikotoka bila kuchanganyikiwa. Hoja yake si ya kijinga. Mtoto wa miaka kumi na miwili ukimpa majibu matatu atakufungia kitabu. Na yeye binamu anasema wazi kwamba sura hiyo itakuwa ya maji, kwa sababu maji hayamlaumu mtu: baba mkubwa hataonekana anaisema serikali, na hakuna atakayehitaji kuandika neno uchawi kwenye kitabu chenye dua ukurasa wa kwanza.

Hapo ndipo ninapomkatalia. Nikiangalia majibu matatu, hilo la maji ndilo safi kuliko yote, na ndilo lililomfaa bibi kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliyetakiwa uani usiku ule, kama kulikuwa na usiku ule, alikuwa dada yake wa tumbo moja. Bibi alikuwa na sababu ya kulikumbuka ziwa vizuri. Ziwa kweli lilipanda. Kata labda kweli ilielea. Mtu anaweza kusimulia ukweli mtupu miaka hamsini ili kufunika ukweli mwingine, wala asijue kwamba anafunika.

Lakini hilo pia ni dhana yangu, na nisingependa lichapishwe kwa jalada gumu kama ndilo jibu. Nimependekeza kurasa tatu zinazofuatana, kila moja na jina la msimulizi, umri wake wa kukadiria, mahali tulipokaa, na neno lake kama alivyolitamka, kosa na sungusungu wake ndani. Hakuna ukurasa wa nne wa mjukuu kuamua.

Binamu amesema atakuja Nansio na rasimu yake ya sura moja, na wazee ndio watakaochagua. Nami nitakuja na zangu tatu. Shangazi, aliyeshapewa habari zote na watu wa grupu, amenipigia simu kunitaarifu mapema kwamba zote nne ni uongo, kwamba yangu iliyo na jina lake imeandikwa vibaya kuliko zote, na kwamba nikija nimletee mchele wa Magugu na miwani, asome mwenyewe.